Klabu yako ina wiki ngapi? Namna ya kupima kama timu itavuka kipindi kigumu

Siku ile Messi analia mbele ya kamera akiwaaga Barcelona, Agosti 2021, nilikuwa kijiweni kwa mzee mmoja anauza kahawa huku Temeke na swali lililokuwa linazunguka pale ni moja tu, inakuwaje Barcelona wanakosa hela? Mmoja akasema siasa, mwingine akasema Messi kajitakia, kuna jamaa akaapa kabisa kwamba Waarabu wameshapanga. Hamna hata mmoja aliyeuliza mishahara ya pale inakula kiasi gani. Wiki iliyofuata rais wao Joan Laporta akatoka akasema mwenyewe, deni euro bilioni 1.35 na mishahara imefika asilimia 103 ya mapato. Yaani kwa kila mia inayoingia, mia na tatu inaondoka na wachezaji, hapo hujalipa umeme wala anayekata nyasi.

Sasa mi sio mhasibu wa kusomea, ni mweka hazina wa timu ya mtaa inayocheza ligi ya wilaya, mwaka wa saba huu, na ukata nimeuona wa kila rangi. Nilichojifunza ni kwamba klabu ya mtaani na klabu ya Ulaya zinakufa kwa namna ileile, tofauti ni idadi ya sifuri kwenye hela tu. Kwaiyo nakuelekeza namna ya kuipima timu yako, iwe ya Ulaya au ya hapa nyumbani, unachohitaji ni kalkuleta ya simu, karatasi, na moyo wa kuvumilia mtu anayekwambia "sisi ni taasisi kubwa bana hatuwezi kufa". Bury ya Uingereza ilianzishwa 1885, ilishachukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, msimu wa 2018/19 ikapanda daraja watu wakacheza mpaka asubuhi, alafu Agosti 27, 2019 ikafutwa kwenye ligi. Hata msimu mpya haujakolea.

Swali la kujiuliza wakati wote ni hili: mfuko mkubwa wa hela ukizibwa leo, timu inaishi wiki ngapi? Makombe yaweke pembeni, wafuasi wa mtandaoni waweke pembeni, tafuta idadi ya wiki. Huko kote tunakoenda chini tunatafuta hiyo namba tu.

Anza na mifuko. Klabu yoyote ina mifuko mitatu ya kuingizia hela, getini (viingilio, tiketi za msimu, kadi za wanachama), haki za matangazo ya TV, na biashara ambayo ni wadhamini na jezi. Kuuza wachezaji usikuweke humo, hiyo ni bahati, mwaka huu ipo mwakani haipo. Chukua karatasi uandike kila mfuko unaleta shilingi ngapi kwenye kila mia. Ukiona mmoja unaleta zaidi ya nusu weka alama nyekundu, maana huo ndo mlango ambao balaa litaingilia.

Na balaa haliji na sura moja. Covid ilipokuja 2020 iliziba geti, kwaiyo walioumia haraka zaidi ni wale wa madaraja ya chini Uingereza ambao hela ya TV kwao ni ya kulambia tu, wanaishi kwa mashabiki wanaokuja Jumamosi kununua tiketi na bia. Ufaransa ikaziba TV. Pale ligi yao ilikuwa imesaini na kampuni ya Mediapro kwa karibu euro milioni 800 kwa mwaka kuanzia 2020, klabu zikaanza kupanga matumizi kama hela imeshafika, Oktoba 2020 Mediapro wakashindwa kulipa, Desemba mkataba ukavunjwa. Virusi vilikuwa vimeshawamaliza mlangoni, TV ikawamalizia chumbani.

Kwa majirani zetu Kenya walianza mapema zaidi, 2019, hapo hata Covid haijasikika. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilikuwa inabeba ligi, inabeba Gor Mahia, inabeba AFC Leopards, wote kapu moja. Serikali haikuwahuishia leseni, Agosti wakaondoa udhamini wote wa ndani, na siku hiyohiyo mfuko wa ligi nzima ukawa umezibwa. SoNy Sugar walishindwa kufika kwenye mechi tatu msimu ule wakaondolewa ligini. Gor wakatangazwa mabingwa Aprili 2020 ligi iliposimamishwa, huku wachezaji wanadai mishahara. Bingwa anadai mshahara, fikiria.

Kwetu hapa Ligi Kuu msimu wa 2018/19 ilichezwa bila mdhamini mkuu na kila mtu anakumbuka timu za mikoani zilivyokuwa zinahangaika na nauli. Tangu 2021 kuna mkataba wa Azam Media, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umesaidia sana siwezi kubisha, ila ukiwa na karatasi yako mkononi jiulize timu ndogo pale inategemea huo mfuko kwa asilimia ngapi. Mi sipendi jibu lake.

Haya, twende kwenye mfano maana maneno matupu hayavunji mfupa. Chukua klabu ya kufikirika, mapato yake kwa mwezi ni milioni 100, mdhamini analeta 60, TV 25, getini 15. Matumizi milioni 95, mishahara 70, safari na kambi 18, vikorokoro 7. Benki kuna milioni 110. Ukiiangalia hivi unasema safi kabisa, inabakiza milioni tano kila mwezi, ina akiba, mwenyekiti anapiga picha na tai.

Sasa ziba mfuko mkubwa. Mdhamini kaondoka, mapato yamebaki 40, matumizi bado 95 kwa sababu mikataba ya wachezaji haijui kama mdhamini kaondoka, kila mwezi shimo la 55. Gawa 110 kwa 55 unapata miezi miwili. Wiki nane na chenji. Hiyo ndo namba yetu ya kwanza, iandike lakini usiizoee, itashuka.

Angalia mishahara. Kabla ya tatizo ilikuwa inakula 70 kwa kila 100, ambayo ni pale pale UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, walipoweka mstari wao siku hizi. Klabu inayocheza mashindano yao, mishahara ya wachezaji na makocha ukichanganya na gharama za usajili na mawakala havitakiwi kuzidi asilimia 70 ya mapato, walianza na 90 msimu wa 2023/24, wakashuka 80, sasa 70. Kwaiyo klabu yetu inaonekana ina nidhamu. Alafu mdhamini anaondoka na asilimia ileile inakuwa 175, bila kuongeza mchezaji hata mmoja. Watu wengi hawalielewi hili, wanadhani klabu ilifanya ujinga ghafla, kumbe mishahara imesimama palepale na mapato ndo yamekimbia. Ndo maana mi timu yoyote iliyo juu ya 60 na inategemea mfuko mmoja naihesabu kuwa mgonjwa hata kama inaongoza ligi.

Ukishapata wiki zako, nenda kwenye usajili, na hapa ndo kuna uchawi. Klabu ikisema imenunua fowadi kwa milioni 500 kwa mkataba wa miaka mitano, kwenye vitabu itaandika gharama ya milioni 100 kila mwaka. Ni halali kabisa, ndo taratibu za uhasibu. Ila hela yenyewe inatoka kwa ratiba nyingine, pengine 250 leo na zilizobaki mwakani, kwa hiyo vitabu vinaweza kucheka huku akaunti inalia. Na ukiuza mchezaji ni hivyohivyo, faida yote inaandikwa siku ya kuuza lakini hela inakuja kidogokidogo kwa awamu, miaka miwili mitatu. Kwaiyo ukisikia "tumeuza tuna hela" uliza zimeingia ngapi na lini zinaingia zingine.

Rudi kwenye mfano. Katika ile 110 ya benki, kumbe 44 ni ya kulipa awamu ya fowadi mwezi ujao. Imebaki 66. Gawa kwa 55. Mwezi mmoja na siku chache, wiki tano. Ile klabu iliyokuwa inapiga picha na tai ina wiki tano.

Hatua inayofuata, angalia kama wameshakula mbegu. Hii nataka uielewe vizuri kwa sababu ndo inayotofautisha mgonjwa na marehemu. Mkulima akiwa na njaa anaweza kuuza kuku, anaweza kuuza baiskeli, ila akila mbegu ya msimu ujao mvua ikinyesha hana cha kupanda. Klabu nazo zina mbegu, ni mapato ya miaka inayokuja.

Leeds United walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2001, wakaamini watakuwa wanafika kila mwaka, mwaka huohuo wakakopa pauni milioni 60 kwa dhamana ya viingilio vya miaka ijayo. Hawakufuzu tena. Wakaanza kuuza wachezaji kama karanga, Rio Ferdinand akaenda Manchester United 2002, na 2004 walikuwa wameshuka daraja na uwanja wameuza. Rangers ya Scotland nayo ilinunuliwa na Craig Whyte Mei 2011 kwa pauni moja, tiketi za misimu ya mbele zikageuzwa hela ya leo, Februari 2012 wakaingia chini ya msimamizi wa madeni na msimu uliofuata walikuwa wanacheza daraja la nne na timu ambazo viwanja vyake vinazungukwa na ng'ombe. Barcelona wenyewe 2022 waliuza robo ya hela yao ya TV ya La Liga kwa miaka 25 ili wapate pa kuvuta pumzi. Wao ni wakubwa wanaweza kupona, sibishi, lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ule atamaliza chuo ndo robo ile inarudi nyumbani.

Kwaiyo ukisoma habari kwamba klabu "imepata mtaji" au "imeingia ushirikiano wa kimkakati", tafuta jambo moja, kilichotolewa badala yake ni nini. Kama ni hela za baadaye, punguza wiki zako.

Uwanja nao. Uliza unamilikiwa na nani, na usitosheke na jibu la "ni wetu tangu enzi za babu". Derby County 2018 waliuza uwanja wao Pride Park kwa pauni milioni 81.1 kwa kampuni ya nani? Ya mmiliki wao huyohuyo, Mel Morris. Mfuko wa kulia umeuzia mfuko wa kushoto, vitabu vikapendeza mwaka ule. 2021 wakaingia chini ya msimamizi, wakakatwa pointi 12 alafu wakaongezewa 9 za makosa ya uhasibu, jumla 21, kocha wao Wayne Rooney akapambana nao mpaka basi, wakashuka. Klabu isiyo na uwanja wake sio lazima iwe na shida, nyingi tu za kwetu zinatumia viwanja vya halmashauri na vya chama na maisha yanaenda, shida ni ile iliyokuwa nao ikauondoa kimyakimya.

Alafu kuna suala la tajiri. Hapa nitawaudhi wengi. Klabu inayolishwa na mtu mmoja, mfuko wake mkubwa ni moyo wa huyo mtu, na moyo hauna mkataba. Yanga wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti 2017 klabu ile ile iliyokuwa inabeba ubingwa ikaanza kuishi kwa shida, mishahara inachelewa, wachezaji wanagoma, kocha Mwinyi Zahera akawa anahamasisha watu wachange huku anafundisha, na sisi wa upande wa pili tukawa tunawaita timu ya bakuli. Tulicheka sana. Ila nikuambie kitu kama mtu wa hesabu, lile bakuli lilikuwa ndo uamuzi wa akili kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza hela ilikuwa inatoka kwa maelfu ya watu badala ya mtu mmoja. Walimaliza 2018/19 nafasi ya pili nyuma ya Simba wakiwa na njaa vile. Juni 2019 wakafanya harambee ya Kubwa Kuliko pale Diamond Jubilee, wadhamini wakaanza kuja, GSM wakaingia, na 2023 walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kwa goli la ugenini tu. Mi Simba, inaniuma kuandika hii aya.

Ukisikia klabu imeuzwa kwa pauni moja au euro moja usishangilie kwamba kapatikana mkombozi. Anayenunua kwa sarafu moja ananunua madeni. Bury iliuzwa kwa pauni moja Desemba 2018. Rangers tumesema. Parma ya Italia iliuzwa kwa euro moja mara mbili ndani ya msimu mmoja, 2014/15, timu iliyobeba Kombe la UEFA 1995 na 1999. Na Wigan, hao hata sarafu haikuwa tatizo, klabu ilibadili mmiliki mwanzoni mwa Juni 2020, Julai mosi ikawekwa chini ya msimamizi. Mwezi haujaisha! Wiki mbili baadaye wakaifunga Hull City nane bila, na bado wakashuka daraja kwa zile pointi 12 walizokatwa. Ukiwa unatafuta ushahidi kwamba uwanjani na benki ni dunia mbili, ndo huo.

Sasa utaniuliza, kaka mi nitazipata wapi hizi namba, sina mjomba ofisini. Kwa klabu za Uingereza ni rahisi kuliko unavyodhani, kule kampuni zote zinapeleka vitabu vyao kwenye msajili anayeitwa Companies House na mtu yeyote anaingia mtandaoni anasoma bure, hata wewe ukiwa Mbagala na bando la mia tano. Tafuta jina la klabu, fungua vitabu vya mwaka, angalia mapato, mishahara, hela taslimu, na madeni ya kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Kama kiingereza cha kihasibu kinakusumbua angalia kitu kimoja tu, tarehe. Vitabu vikiwa vimechelewa kuwasilishwa, huo peke yake ni ugonjwa, mtu mwenye habari njema hachelewi kuisema.

Kwetu ni ngumu zaidi. Kuna mkutano mkuu wa wanachama ambapo taarifa ya mapato na matumizi inasomwa haraka haraka kabla ya chakula, ukiwa mwanachama hai nenda, omba nakala ya karatasi, usikubali kusomewa. Kingine FIFA wana orodha hadharani kwenye tovuti yao ya klabu zilizofungiwa kusajili, na sehemu kubwa ya kesi hizo ni klabu zisizolipa wachezaji, makocha au klabu nyingine. Timu za ukanda wetu hazikosekani humo. Ukiona jina la timu yako kwenye ile orodha huku ukurasa wao unatangaza "usajili wa kishindo unakuja", basi unajua nani anadanganya.

Na zaidi ya namba kuna harufu. Mshahara unachelewa siku tano, alafu kumi, alafu wanalipwa nusu. Mchezaji wa kigeni anaondoka "kwa matatizo ya kifamilia" dirisha halijafunguliwa. Timu inasafiri siku ya mechi wakati zamani ilikuwa inalala. Daktari wa timu haonekani. Parma Februari 2015 mechi yao na Udinese iliahirishwa kwa sababu hakuna hela ya kuwalipa walinzi wa uwanjani, mwezi uliofuata mahakama ikatangaza kuwa wamefilisika. Vitu vidogo ndo vinaanza kukatika, kwa sababu staa akikosa mshahara anaita waandishi, muuza maji akikosa hela yake ananyamaza.

Haya umepima, umepata wiki tano, ufanyeje? Kama wewe ni shabiki tu unaweza kuruka hapa, ila kama uko kwenye kamati ya timu yoyote, hata ya mchangani, soma taratibu.

Kitu cha kwanza usifanye ni kukopa. Kitu cha kwanza fanya ni jedwali la wiki kumi na tatu. Chora mistari kumi na tatu, kila wiki andika hela inayoingia kwa uhakika (ahadi ya mtu kwenye simu sio uhakika) na inayotoka kwa lazima. Utaona wiki ipi mnafika sifuri. Watu wanapoiona ile wiki kwa macho kelele kwenye kikao zinapungua sana, nimeshuhudia.

Pili kaeni na wachezaji kabla hawajasikia mtaani. Waambie ukweli na waonyeshe jedwali. Machi 2020 wachezaji wa Barcelona walikubali kukatwa asilimia 70 kipindi kile cha dharura, na walichangia wafanyakazi wa kawaida wapate mshahara wao wote. Kwenye mfano wetu, wachezaji wakikubali kuchukua asilimia 60 tu kwa muda, mishahara inashuka kutoka 70 kwenda 42, matumizi yote yanakuwa 67, shimo linakuwa 27 badala ya 55. Gawa ile 66 kwa 27. Kutoka wiki tano umefika wiki kumi na ushee, bila kukopa hata senti. Ila andikeni kwenye karatasi kama ile asilimia 40 imesamehewa au imeahirishwa. Ikiwa imeahirishwa ni deni, na deni la mchezaji ndo hilohilo linalokupeleka kwenye orodha ya FIFA.

Alafu nendeni kwa wanaowadai wote kwa mpigo, msimlipe mmoja kwa siri kwa sababu ni rafiki wa katibu. Dortmund wanaofundishwa leo kama mfano walikuwa wamekwisha 2005. Walichukua Ligi ya Mabingwa 1997, wakaingia soko la hisa 2000, wakatapanya, uwanja wakauza kwa mfuko wa wawekezaji. Machi 2005 wawekezaji wale walikutana uwanja wa ndege wa Düsseldorf kupigia kura mpango wa kuinusuru klabu, wangesema hapana tu ile timu ya jezi za njano ingekuwa historia. Walisema ndiyo kwa sababu waliwekewa namba zote mezani, wakaona wakiua klabu watagawana uwanja usio na mpangaji. Mishahara ikakatwa, uwanja ukauzwa jina, vijana wakapandishwa, 2011 na 2012 wakabeba ubingwa. Bayern wenyewe waliwahi kuwakopesha euro milioni mbili siku zile za njaa, na 2020 Covid ilipokuja Dortmund wakawa miongoni mwa klabu nne, wao na Bayern, Leipzig na Leverkusen, zilizotoa euro milioni 20 kuwasaidia wengine.

Kuhusu bakuli. Michango inafanya kazi, ila ina masharti, na haya nimeyajua kwa kuchomeka. Mwaka mmoja timu yetu ilichangisha kwa ajili ya nauli ya mashindano ya mkoa, hela zikawa zinaingia kwenye laini ya simu ya kiongozi mmoja, mtu mwema tu wala sio mwizi, mtoto akaugua, akaazima kidogo, akaazima tena, siku ya safari tukapungukiwa tukaenda na wachezaji kumi na tatu. Hakuna aliyechanga tena kwa miaka miwili. Kwaiyo laini iwe ya timu, wenye namba ya siri wawe wawili, na kila Ijumaa bandika kwenye kundi la WhatsApp kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni elfu nane. Na usichangishe kwa ajili ya "kuisapoti timu", changisha kwa ajili ya kitu kinachoonekana, nauli ya Morogoro, mishahara ya Machi, mipira sita. Union Berlin 2004 mashabiki walitoa damu hospitali wakaipa klabu ile hela ya kutolea damu, na 2008 zaidi ya watu 2,000 wakaenda na koleo kujenga uwanja wao kwa mikono. Kila mmoja alijua ametoa nini na kimeenda wapi. 2019 walipanda Bundesliga.

Kuuza mchezaji nimeiacha mwisho makusudi. Uza kama inabidi, ila uza mapema mkiwa bado na wiki nyingi, maana wanunuzi nao wana kalkuleta, wakishajua una wiki mbili wanakusubiri tu wiki ya pili ifike.

Ya timu yetu nimeipiga jana usiku, mdhamini wetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kasema mwezi ujao ndo wa mwisho. Tuna wiki saba. Ligi ya wilaya imebakiza wiki kumi na moja. Kikao ni kesho saa kumi jioni pale shuleni, nimeshatoa kopi thelathini za jedwali.